Herufi za Risasi

Mstari wa tatu ulikuwa umebakiza maneno mawili mkono wa kulia wa Clément Tshiamala ulipoanguka. Hakuushusha yeye. Kifundo kililegea tu, kiganja kikaning'inia, na kibao cha chuma alichokuwa akipangia herufi kikaenda chini na mistari yote. Herufi za madini ya risasi zikatawanyika sakafuni, nyingine zikaingia chini ya mashine.

Kibao kilikuwa kimempiga kidole gumba cha mguu wa kushoto. Alijua hivyo kwa kuwa alikiona kikimpiga. Damu ikajitokeza kwenye soksi polepole, naye akaitazama bila haraka, kwa sababu haikumuuma.

"Tena?" alisema Desmet, msimamizi, bila kuondoka dirishani.

"Pardon, Monsieur."

"Hii wiki, mara ngapi?"

Clément aliinama kuokota herufi. Ilikuwa mara ya nne, na siku ilikuwa Jumanne.

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne katika matbaa ile ya Élisabethville, huko Kongo ya Wabelgiji. Mapadri wa Kasai walimfundisha kupanga herufi akiwa kijana; alipanga Kifaransa, Kiswahili, Tshiluba, hata Kilatini cha misa, na vidole vyake vilijua kila chumba cha kasha bila macho. Mikono ikiwa na kazi, alibana herufi kwa meno. Wapangaji wote walifanya hivyo. Bukari, ugali wa huko, na samaki wakavu walikula palepale, karatasi imetandikwa juu ya makasha, maana chumba cha kulia kilikuwa cha Wazungu. Jumamosi walipuliza makasha kwa mvukuto, na vumbi la kijivu lililowaingia mdomoni lilikuwa na utamu kidogo.

Tumbo ndilo lililoanza, mwaka uliopita. Lilimkata siku tatu likaacha. Kisha nyayo. Akawa anatembea kama mtu aliyetandikiwa pamba njia nzima, kiatu kikimvuka barabarani asijue mpaka apigiwe kelele. Sasa mikono.

Kasha lile, kabla yake, lilikuwa la mzee Mwape. Mwape naye mkono ulianguka. Watu walisema ni lutuku, ile pombe kali inayopikwa kwa kificho nyuma ya nyumba, na Mwape akarudishwa kwao Kasenga. Clément mwenyewe alisema hivyo. Alisema mbele za watu, tena kwa sauti.

Mwezi uliopita, Desmet alipokuwa likizoni, Clément alifungua kabati kutafuta gundi akakuta kitabu kutoka Bruxelles, cha mafundi wa matbaa. Alikisoma amesimama. Kilieleza tumbo. Kilieleza mkono unaoning'inia, kwa picha. Kilisema risasi huingia mwilini kwa vumbi na kwa chakula, ikaharibu mishipa ya fahamu, si mmoja bali mingi kwa pamoja. Kwamba fundi asile karibu na makasha, na kwamba kila mwaka aonwe na daktari. Akakirudisha mahali pake. Siku iliyofuata mchana alikula bukari yake uani, peke yake, kwenye jua. Wenzake wakamwona anajidai.

Na kweli kulikuwa na jambo. Alikuwa ameomba kadi ya mérite civique, ile iliyomfanya mtu mweusi ahesabiwe amestaarabika. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo gerezani, wala polisi hawakumfukuza mitaa ya Wazungu ikishapigwa ngoma ya kufunga njia usiku. Tume ya kadi hiyo ilikuwa inakuja kumkagua nyumbani kwake, mtaa wa Katuba, siku ya Alhamisi. Ilikuwa imebaki karatasi ya daktari tu.

"Enda hospitali," Desmet alimwambia ile Jumanne. "Enda sasa."

Daktari Wouters alimgonga magoti kwa nyundo ndogo. Miguu haikuruka. Akamchoma sindano unyayoni, akapanda hadi kwenye kifundo.

"Nasikia?" daktari aliuliza.

"Non, docteur."

"Hapa?"

"Non plus."

Clément akaeleza, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba alidhani ugonjwa wake unatoka kwenye risasi. Daktari akamjibu kwa Kiswahili cha kuamrishia wapishi.

"Risasi? Nani napiga weye risasi?"

Donat, muuguzi aliyeshika sinia, akacheka, kwa kuwa daktari alikuwa amemgeukia ili acheke.

"Ile ya herufi, docteur. Niko mufanyakazi wa imprimerie. Inaingia kwa pua na kwa kinywa. Nilisoma."

"Nasoma wapi?"

"Kwa kitabu cha Bruxelles."

"Ile kitabu iko ya Wazungu." Daktari alikwenda kunawa. "Weye nakunywa lutuku."

"Hapana. Sinywake hata bière."

"Bantu bote nasema vile vile." Akakausha mikono kidole kwa kidole, akaketi, akaandika mistari miwili, akapiga muhuri. Karatasi ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa.

Donat alimsindikiza hadi kwenye korido. Hapo hakucheka.

"Ameandika nini?" Clément aliuliza.

"Polynévrite. Ni mishipa mingi inaoza. Halafu ameandika ni ya pombe."

"Unajua mie sinywake. Tunasali kanisa moja."

"Najua." Donat aliangalia nyuma yake. "Akiandika risasi, kesho inspecteur iko kwa mulango ya patron wako. Akiandika pombe, hakuna muntu anatoka kwa kiti yake. Enda, ndugu yangu. Kunywa maziwa, kama unapata."

Alhamisi asubuhi Kapinga, mkewe, alikuwa amekwisha kupiga sakafu deki mara mbili. Wivine, binti yao, alivalishwa viatu akaambiwa asikanyage nje. Kapinga akararua utepe wa kitambaa, akamfunga mumewe kalamu kati ya vidole, maana Tume ingemtaka aandike.

"Jaribu, Baba Wivine."

Alijaribu. *Clém* ilitoka vizuri. Kisha mkono ukaanguka na kuvuta mstari hadi ukingoni mwa karatasi.

"Usiandike mingi," alisema Kapinga. "Jina tu."

Walikuja watatu: Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya; padri mmoja aliyekwisha kuchapishiwa katekisimu mbili na Clément, na bibi wa Kizungu aliyefundisha wanawake kushona. Bibi huyo ndiye aliyefanya kazi. Alifungua kabati akatazama uma. Aliinua shuka. Aliondoa kizibo cha chupa iliyokuwa chini ya meza akainusa. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Akainusa mara ya pili.

Administrateur alikuwa na bahasha ya daktari, imekwisha funguliwa.

"Clément, tunaambiwa unakunywa."

"Bwana yangu hakunywake," alisema Kapinga. "Muulize Mon Père. Muulize—"

"Mama, nyamaza," alisema Administrateur.

Padri alikuwa anatazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Aliendelea kuitazama.

"Andika kitu kidogo," Administrateur alisema. Akamsukumia karatasi.

Clément aliweka mkono mezani. Utepe ulionekana wazi sasa, mweupe, umefungwa mafundo mawili. Akaandika *Cl*, na kalamu ikalala.

"Natetemeka," bibi aliwaambia wenzake, kwa upole. "Asubuhi hii hii."

Hakuwa anatetemeka. Mkono ulikuwa umetulia kabisa juu ya meza, haukuwa na chochote ndani yake. Clément alifungua kinywa kuwaeleza tofauti, kwa maneno ya kile kitabu, akawaona wanasimama wakichukua kofia zao. Wivine, kama alivyofundishwa, akawapa mkono mmoja mmoja akisema *au revoir*.

Kapinga aliufungua ule utepe kwa meno. Mafundo yalikuwa yamekaza, yakaacha alama ya bluu kuzunguka vidole.

"Umeumia?"

"Hapana," alisema. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomliza Kapinga.

Jumatatu Clément aliitwa ofisini, siyo kwa Desmet, kwa karani. Alexis alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mdogo kwa Clément kwa miaka mingi, naye siku zote alimwita Yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Barua ilikuwa mezani tayari. Alexis hakuisoma kwa sauti, alimgeuzia.

Ilisema kwamba Tshiamala Clément anaachishwa kazi kwa sababu ya ulevi wa kila siku, kwamba amekiri, kwamba hana dai lolote juu ya matbaa, leo wala kesho. Na kwa kuwa hana tena kazi, hana ruhusa ya kukaa mjini. Yeye na watu wake wapande gari la moshi la Kasai kabla ya tarehe thelathini.

"Sijakiri," alisema Clément.

"Najua, Yaya."

"Nikikataa?"

"Basi ni polisi ndio bataleta barua ingine." Alexis alizungumza huku akinyoosha vitu mezani ambavyo vilikuwa vimenyooka. "Ukitia sahihi, Mama na mutoto banapata tikiti ya treni. Wamesema hivyo. Usipotia, mutakwenda na miguu."

Clément alifikiria miguu yake. Akavuta kiti, akaketi.

Kalamu haikukaa. Alexis akajaribu kumkunjia vidole kuizunguka, kimoja kimoja, na kila alipofika cha nne, cha kwanza kilikuwa kimefunguka. Mwishowe akatoa kwenye droo kile kibati cha wino ambacho wapagazi na wafagiaji walikitumia siku ya mshahara.

"Yaya, nisamehe."

Akaushika mkono kwa kifundo, akakibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Alibonyeza kwa nguvu, ili kitoke vizuri. Clément alitazama mkono ukipelekwa na kurudishwa.

Sheria ilitaka neno moja chini ya alama ya kidole. Alexis akaliandika haraka, kichwa ameinamisha: neno la Kifaransa la kumtaja mtu asiyejua kusoma wala kuandika. *Illetré*.

Karatasi ilikuwa imemwelekea karani, lakini mpangaji herufi amezoea kusoma maneno juu chini.

"Alexis," alisema Clément.

"Yaya."

"Hiyo iko na *t* mbili."

Alexis alibaki amenyanyua kalamu. Kisha akaichovya, akaibana *t* ya pili katikati, mahali palipokuwa padogo, akachukua karatasi ya kukaushia wino.