Mama Machozi

Munyoki, mwandishi wa riwaya za dhihaka anayesomwa Nairobi nzima, alizaliwa Huruma. Kwa hiyo wasomaji walipokutana katika ukumbi wa mtaa Jumamosi moja mchana, kila mmoja aseme anapenda kitabu gani cha Munyoki kuliko vyote, watu walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha.

Rufaida, muuza vitambaa kutoka Majengo, alichagua *Mama Machozi*. Wenzake walikuwa wameeleza tu. Yeye alisimama akasoma, kisha akaigiza. Ni habari za mwanamke asiyekosa matanga, hata ya watu asiowajua, akilia kuliko wafiwa wenyewe huku leso ikimfunguka kiunoni. Rufaida akajipiga kifua, akagaagaa sakafuni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani.

Alipoinuka alimwona mama mmoja mzee akitoka taratibu. Kiilu, karani aliyeandaa mkutano, hakuwa akicheka tena. Alimnong'oneza kwamba yule ni Nthoki, muuza supu ya mbuzi Kiamaiko, aliyekuwa jirani wa kina Munyoki.

"Ndiye Mama Machozi mwenyewe," alisema. "Sisi wa zamani tunajua. Sikudhani angekuja."

Rufaida alihisi uso ukimwaka. Makofi aliyopigiwa yakawa kama ya shavuni.

Jumatatu alifunga duka akaenda Kiamaiko. Alimkuta Nthoki akikoroga sufuria. Akamwamkia shikamoo, na maneno mengine yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Akaomba msamaha huku akitazama chini.

Nthoki alimvutia kiti. Alisema Munyoki hakudanganya, ndivyo alivyokuwa akilia. Ukumbini alikwenda kwa sababu alisikia mtoto wa jirani yake anasifiwa, naye akataka kusikia sifa hizo.

"Kifungua mimba wangu tulimzika mimi na mchimba kaburi," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuja kumlilia. Nikaapa hakuna mtu wa mtaa wetu atakayezikwa hivyo nikiwa hai. Hilo Munyoki hakuliandika, mwanangu. Hakuniuliza."

Akamimina supu kwenye kikombe, akampa. Rufaida alikipokea kwa mikono miwili. Yeye pia hakuwa ameuliza.

Mkutano uliofuata, *Mama Machozi* kilitangazwa kuwa kipenzi cha wengi. Watu wakamtaka Rufaida asome tena. Alikataa, na sababu hakuitoa, kwani haikuwa yake kutoa. Msichana aitwaye Mitchelle akasoma badala yake, na ukumbi ukaangua kicheko. Rufaida alikuwa ameketi nyuma, amejikaza. Alijua kila neno lililokuwa likija. Hata hivyo kicheko kilimpanda kifuani, kikamtoka kabla hajakizuia.

Akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka nje.