Maji Kwenye Soketi za Mamlaka

Mkaguzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme alifika kazini mapema, akainama kuchomeka birika lake, na maji yakaanza kutoka kwenye soketi. Yalikuwa baridi na safi, yakichuruzika ukutani hadi kwenye zulia. Alilikinga birika likajaa, akalichomeka, likachemka vizuri tu. Alipokuwa anakunywa chai, soketi ikatema perege mdogo, naye akamtia kwenye ndoo ya takataka baada ya kuimwaga.

Alijua maji yametoka wapi. Mezani kwake palikuwa na ombi la kampuni ya umeme, iliyodai kwamba bwawa limekauka. Kwa hiyo ilikuwa imenunua umeme wa haraka, bila zabuni, kutoka kwa tajiri mmoja mwenye majenereta ya dizeli. Sheria inaruhusu: ikiwa ni dharura, nunua kwanza, ueleze baadaye. Kazi ya Mamlaka ni kuamua kama dharura ilikuwa ya kweli. Ikiwa ya kweli, wateja wanalipa. Ikiwa ya uongo, kampuni inaimeza hasara yake peke yake. Na maji ya bwawa, yaliyoachwa yapite bila kuzungusha mtambo wowote, yalikuwa yamefuata nyaya hadi kwenye ofisi inayohusika.

Mchana alipita kwa kaka yake, anayetotolesha vifaranga kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la viatu. Mashine yake haipaswi kupoa hata kidogo.

"Wakipandisha tena bei ya umeme, mdogo wangu, nazima," kaka alisema. "Faida yote inaishia kwenye luku."

"Hawapandishi. Safari hii nimewashika pabaya."

"Una uhakika?"

"Kaka, ushahidi tunaukanyaga. Zulia zima limelowa."

Kaka alicheka, na kwa sababu anamwamini dada yake kuliko redio, akaingiza trei nyingine ya mayai. Soketi yake ilikuwa kavu, ina vumbi.

Siku ya kusikiliza ombi, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Wajumbe wa bodi walikunja suruali na kukaa kwa heshima zao zote. Wakili wa kampuni aliingia amevaa buti za mvua, na hakuna aliyemuuliza alijuaje.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," mkaguzi alisema, na sauti yake haikutetereka, "bwawa halijakauka. Limo humu ndani."

Mwenyekiti aliinua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha majini.

"Nani amewasilisha maji haya?"

"Yamekuja yenyewe, Mheshimiwa."

"Kanuni zetu zinasema taarifa za bwawa huletwa na kampuni." Akamgeukia wakili. "Kampuni imeleta maji?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kampuni imeleta taarifa kwamba hayapo."

"Basi hayapo."

Mkaguzi hakukata tamaa. Alizunguka meza na jagi, akamkingia kila mjumbe glasi moja kutoka kwenye soketi iliyo karibu naye. Kulikuwa na joto. Walikunywa yote, na mjumbe mmoja akaomba aongezewe. Katibu alimtoa perege chini ya makabrasha, akamweka pembeni ili wino usitapakae.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Dharura ilikuwa ya kweli, na gharama zihamishiwe kwa wateja. Aidha, soketi zote za jengo zipandishwe juu ya usawa wa meza ili shughuli za Mamlaka zisivurugike. Kesho yake fundi alikuja na ngazi, akafanya kazi nzuri.

Bei ilipopanda, kaka alizima mashine, ile trei ikiwa haijafika hata nusu ya siku zake. Mayai aliyafukia nyuma ya chumba, wala hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuuma mkaguzi kuliko uamuzi wenyewe. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Siku hizi ofisini wamezoea. Kampuni ikinunua umeme wa haraka, maji huongezeka, na wafanyakazi huja na ndoo zao kutoka nyumbani. Mwenyekiti amesifiwa kwa kupunguza bili ya maji ya Mamlaka. Mkaguzi bado anaandika kwenye kila ripoti kwamba bwawa limejaa, kwa herufi zilizonyooka. Bodi nayo humshukuru kila mara.

Jumamosi moja alimpelekea kaka yake ndoo ya perege. Alimkuta anakunja nguo na kuzipanga kwenye mashine ya vifaranga, ambayo imekuwa kabati zuri, halina mende.

"Wamenona hawa," kaka alisema akichungulia ndooni. "Mnawavua wapi?"

"Wanakuja wenyewe, kwenye nyaya za umeme."

"Ahaa."

Alilisogeza kando jiko la umeme, ambalo waya wake ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kamba, akavuta jiko la mkaa, akaanza kupepea.