Dari ya Chumba cha Mama

Mama mzazi wa mshonaji alipokubali hatimaye kuhamia kwao, mshonaji na mumewe, dereva, walishindwa kutulia. Miaka yote walimbembeleza, miaka yote alikataa. Sasa angekuja Jumamosi, na dari ya chumba alichotengewa, kile cha juu chini ya bati, ilikuwa ikidondosha maji bila mvua kunyesha.

Dereva alipanda ngazi, akang'oa ubao mmoja. Sufi waliyoijaza humo kuzuia baridi ilikuwa imelowa chepechepe.

"Bati halijatoboka," alisema. "Maji yanatoka wapi?"

"Kwetu sisi," mkewe alijibu. "Pumzi zetu, sufuria, nguo mbichi. Mvuke unapenya kwenye sufi, unagusa bati la baridi, unageuka maji. Tulisahau kuuzibia njia."

Wakang'oa mbao zilizobaki, wakaitoa sufi yote, wakapanga mpya. Ikabaki kuchagua cha kutandaza chini yake. Kutoka dukani walikuwa wameomba vipande vya kujaribia: karatasi ya kaki, foili na nailoni nzito. Dereva aliitaka foili kwa mng'ao wake. Mshonaji alitaka ushahidi. Akamimina maji ya moto vikombeni, akafunika kila kikombe kwa kipande chake, akakaza kwa mpira, kisha akapindua gilasi baridi juu. Wakachuchumaa sakafuni kuangalia, wamebanwa na hamu.

"Hiki ndicho chakula mtakachonilisha?"

Mama alikuwa mlangoni na begi mkononi. Jumamosi ilikuwa haijafika.

"Mama! Si ulisema keshokutwa?"

"Nimeshindwa kungoja, mwanangu. Mnafanya nini?"

Wakamweleza huku wakikatizana maneno. Kufikia hapo gilasi ya kaki ilikuwa imejaa ukungu, zile nyingine mbili zikiwa safi. Mama aliinama, akachukua kipande cha foili, akakikunja kama kitakavyokunjwa kwenye kona, akakikunjua, akakikunja tena. Kikachanika.

"Dari yenu ina kona nyingi?"

"Tele," dereva alikiri.

"Basi hii itawaaibisha."

Dereva akacheka. "Mama mkwe hata viatu hajavua, ameshanishinda."

Nailoni ikapita. Waliitandaza upande wa chumbani, kipande kikilalia kingine, mama akikata tepu na kuamrisha, mshonaji akiziba maungio kama anayekunja pindo la gauni la harusi. Hata pale waya wa taa ulipopenya hakuacha upenyo. Kisha wakarudisha mbao.

Baridi kali ilipokuja wiki iliyofuata, asubuhi moja mama aliwaita kwa sauti kutoka juu. Walipanda mbio, roho mkononi. Walimkuta amesimama juu ya kiti, kiganja kimebandikwa darini.

"Kavu," alisema. "Kavu kabisa. Mpigieni jirani yangu simu alete kitanda changu na vyombo vilivyobaki. Sirudi tena kule."

Mshonaji alitaka kumkumbatia, lakini alimfikia kiunoni tu. "Sawa, mama. Shuka kwanza."