Shati la York

André alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein, kusini kabisa mwa Afrika, Mkongo aliyetoka Lubumbashi, na kama Wakongo wengi wa mji ule, angeweza kulala njaa lakini si kutoka nje na suruali isiyopigwa pasi. Alipopata nafasi kwenye filamu ya Wamarekani, alimpigia simu mama yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Hawakuwa wameonana tangu aondoke nyumbani. Alimwambia akae mkao wa kula, mwanawe ataonekana kwenye televisheni.

Filamu yenyewe ilihusu safari ile ya mwanzo ya Wamarekani kwenda magharibi. Wafaransa waliuza nchi ambayo sehemu yake kubwa hawakuwahi kuikanyaga, Wamarekani wakainunua bila kuijua, kisha rais wao akatuma makapteni wawili wakatazame kilichonunuliwa. Wenye nchi hawakuulizwa. Nani alikuwa na muda nao? Kapteni mmoja alikwenda na mtumwa wake, York, wakafika mpaka baharini na kurudi. York alipoomba uhuru wake, kapteni akakataa. André ndiye aliyekuwa York. Alipewa sentensi moja tu, ile ya kuomba uhuru, na aliirudia nyumbani mpaka mkewe Victorine akaikariri.

Siku ya sentensi hiyo alikabidhiwa shati lililochanika begani, linaning'inia mgongoni. Akampigia Victorine.

"Mama ataniona na hii shati ya kupasuka?" alisema. "Atasema nilikuja huku kuokota takataka."

Wenzake walipokwenda kula, alikimbia kwenye cherehani yake mtaa wa pili. Akalishona kwa mkono mwepesi, akanyoosha kola, akalipiga pasi. Alirudi amejaa furaha, maskini.

Mwongozaji alimkagua juu mpaka chini, akauliza ni nani aliyemtuma kushona. Shati lilichanwa makusudi, akasema, mtumwa hatoki porini kama bwana harusi. Watu wakacheka. André alijaribu kueleza habari za mama yake, lakini mwongozaji alikwisha kumgeukia yule aliyeigiza kapteni, akamnong'oneza jambo, akaamuru kamera ziwashwe.

André alipofungua kinywa aseme sentensi yake, kapteni alimkamata kola na kulichana shati tangu shingoni hadi kiunoni, akamsukuma chini. Hakuna aliyekuwa amemwonya. Alipiga magoti pale, akikusanya vipande kwa mikono miwili kujisitiri, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Mama, usiangalie," alisema.

Kamera hazikuzimwa. Mwongozaji alipiga makofi, akasema sentensi ya uhuru haihitajiki tena. Filamu itafunguliwa kwa kilio hiki.

Jioni mama yake alipiga simu kuuliza filamu itaonyeshwa siku gani, kwa sababu ameshawaalika majirani.

"Ulivaa muzuri?" akauliza.

André alitazama sindano iliyobaki imechomekwa kwenye mkono wa koti lake.

"Nilivaa, mama," alisema.