Kitu Kigumu Tumboni mwa Sungura

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, vidole vya Ondiek viligusa kitu kigumu mahali ambapo kilitarajiwa kitu laini. Alikuwa amemshika sungura jike kwa ngozi ya shingo, mkono wa pili ukiwa chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, kama alivyofundishwa. Mimba ya wiki mbili huteleza kati ya vidole mfano wa zabibu. Vitu hivi havikuteleza. Vilikuwa vidogo, vya mviringo, vimepangana kana kwamba vimetungwa kwenye uzi.

Alimwita Wamaitha, jirani wa mlango wa pili hapo Kaloleni, mjini Kisumu, ambaye ndiye aliyemuuzia huyo jike na dume lake. Wamaitha alikuja na kikombe chake cha chai, akakiweka juu ya kizimba.

"Umeshika mavi, Baba," alisema. "Wanaume wote huanzia hapo."

"Mavi hukaa juu, karibu na mgongo. Si wewe ulinifundisha? Hivi viko chini."

"Dume alipanda?"

"Alipanda, akaanguka ubavu."

"Kuanguka si ushahidi. Hata walevi wa hapa Kaloleni huanguka."

Wamaitha mwenyewe alimpapasa sungura, akakawia. Kisha akachukua chai yake, iliyokuwa imeanza kupoa.

"Mimba ipo," alisema. "Sijui tu ni ya nini. Weka kisanduku cha kuzalia."

Ondiek alikuwa msoma mita za maji. Alianza kufuga baada ya mkewe, Rosa, kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, kwa sababu nyumba ilikuwa haina sauti. Kwamba sungura nao hawana sauti alikuja kugundua akiwa tayari amejenga vizimba. Simu ya Rosa ilizimika mwezi wa pili tangu aondoke. Tangu hapo, kila Ijumaa, ofisi ya wakala aliyempeleka ilituma ujumbe mmoja: Rosa yuko salama na anaendelea na kazi. Ukijibu, simu husema namba hiyo haipokei ujumbe. Ondiek alijibu kila Ijumaa.

Sungura alinyonyoa manyoya ya kifua, akatandika kisanduku na kuzaa rozari. Ilikuwa ya mbao, yenye punje moja ya bluu ambayo Ondiek mwenyewe aliitia ile ya awali ilipopotea. Rosa alisafiri nayo shingoni. Ilikuwa imelambwa ikawa safi. Kila alfajiri sungura aliingia kisandukuni, akaiinamia kwa dakika chache kama wanavyofanya wakinyonyesha, akaifunika tena kwa manyoya na kutoka. Ondiek aliiacha hapo hadi umri wa kuachishwa ziwa, ndipo akaichukua.

Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, karibu na stendi ya basi. Karani, kijana nadhifu aitwaye Sydney, aliitazama rozari, akauliza sungura ni wa aina gani. Dada yake pia alikuwa akifuga. Alisema rozari za namna hiyo ni nyingi na kwamba kompyuta inaonyesha Rosa yuko kazini. Alimkumbuka vizuri. Ndiye ambaye pete yake ya ndoa iligoma kutoka siku ya safari, na wakala hataki vito. Walijaribu sabuni, walijaribu mafuta ya kupikia, Sydney mwenyewe akajaribu kwa uzi hadi kidole kikabadilika rangi. Kilikuwa kimenenepa tangu arusi. Wakamwachia aende nayo.

Ondiek alimrudisha jike kwa dume. Safari hii alizaa ufunguo, kama ule ambao Rosa aliondoka nao, na ufunguo huo ukafungua mlango wa nyumba ya Kaloleni.

Jumapili aliupeleka kijijini kwao Ahero, kwa Mzee Absalom, kaka mkubwa wa marehemu babake. Ondiek alitaka kujua kama ana mke au ni mgane, na akisha kujua, afanye yanayopasa. Mzee Absalom alisema yanayopasa yapo. Mtu asiporudi na mwili wake usipopatikana, kama wale wanaopotea ziwani, huzikwa tunda la mvungunya, ambalo Waluo huliita yago, refu na zito, badala yake. Lakini huzikwa kwa niaba ya aliyekufa.

"Mtu aliye kazini hazikwi," alisema. "Na ufunguo, nani hajawahi kupoteza ufunguo? Mimi nimepoteza hata jembe."

Mimba ya tatu ilikuwa ya kitu kimoja tu. Kilikuwa cha mviringo, na katikati palikuwa na uwazi. Kupitia ngozi ya tumbo, ncha ya kidole cha Ondiek ilizama kidogo katika ule uwazi, ikakaa hapo. Wamaitha, aliyekuwa akianua nguo, aliuliza kama imeshika. Ondiek alisema imeshika. Kwa muda wote uliobaki alikwenda kusoma mita zake kama kawaida, akirudi jioni kumkatia sungura majani.

Pete ilipozaliwa aliipeleka ofisini. Kwenye benchi walikaa wasichana wawili kutoka Awasi, masanduku mapya miguuni, mmoja akivua hereni. Sydney aliigeuza pete, akasoma jina lililochongwa ndani.

"Ndiyo hii," alisema. "Basi amekonda. Kazi ya kule ni nyingi."

Akamrudishia, akamwita msichana wa kwanza.

Kutoka hapo Ondiek aliipeleka Ahero. Mzee Absalom aliiweka pete juu ya meza, akaitazama, akatuma watu wakachume yago. Tunda lilifungwa kwa shuka la Rosa, likalazwa ndani ya jeneza na pete juu yake, likazikwa upande wa kushoto wa nyumba ya mabati ya Ondiek hapo kijijini. Padre hakuja, kwa kuwa hapakuwa na cheti cha kifo. Katekista aliongoza sala akitumia rozari ile ile. Wamaitha alikuja kutoka Kisumu na sufuria zake mbili, akapika. Jioni watu walitawanyika, na Ondiek akarudi Kaloleni, akafungua mlango kwa ufunguo wa Rosa.

Majuma machache baadaye, Ijumaa asubuhi, alimshika jike, aliyekuwa amerudishwa tena kwa dume, kwa ngozi ya shingo, akapitisha mkono chini ya tumbo. Vilikuwa vingi, na vilikuwa laini. Viliteleza kati ya vidole. Alitaka kumwita Wamaitha, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani alikuwa amekwisha kwenda sokoni Kibuye. Simu ikatikisika mfukoni. Ondiek aliitoa kwa mkono uliokuwa huru na kusoma kwamba Rosa yuko salama na anaendelea na kazi. Hakujibu. Aliirudisha simu mfukoni, akamrudisha sungura kizimbani.