Baraza Bila Nyumba

Henri Wilondja alikuwa na nyumba huko Fizi, juu milimani, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona. Aliijenga kichwani akiwa nyuma ya usukani, miaka yote aliyoendesha lori la tajiri mmoja kutoka Uvira hadi Baraka na kupanda mpaka Fizi-Centre. Lori likikwama matopeni na wasaidizi wakishuka kuchimba, yeye aliegemeza kichwa mlangoni, akafumba macho na kuendelea na ujenzi. Msimu mmoja wa mvua, alipokwama siku nyingi kando ya mto uliofurika, alibadilisha paa zima: akatoa nyasi, akaweka mabati, kisha akayapaka rangi nyekundu kwa sababu aliona yanang'aa mno. Alijua jua la asubuhi linaingia dirisha gani. Alijua mahali pa mtungi wa maji. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza pana, na barazani viti viwili vilivyotazama ziwa, lililolala mbali huko chini kama kitambaa kilichosahauliwa juani.

Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe, Pulchérie.

Walikaa Baraka, karibu na ufuko. Kila aliporudi safari alimsimulia habari za nyumba hiyo, naye Pulchérie alisikiliza huku akichagua ndakala, wale dagaa wa ziwani, au akimsuka nywele binti yao Vanessa, akasema sawa, tutaona. Vanessa akakua, akaolewa, akahamia Kalemie. Nyumba ya Fizi ilibaki kichwani kwa Henri, na kila mwaka ikaongezeka kitu.

Alitegemea kuendesha mpaka azeeke kabisa. Lakini siku moja, akiwa na miaka hamsini na kidogo, alishuka kutoka kwenye lori pale sokoni Baraka, mguu wa kushoto ukakataa kumbeba. Daktari alimweleza kwamba pingili za mgongo zimelika kwa sababu ya mitikisiko ya barabara, na kwamba akiendelea na kazi ile iko siku hatatembea tena. Tajiri wake alisikitika kweli. Alichinja mbuzi, akatoa hotuba, akampa zawadi ya godoro kubwa lililokuwa bado ndani ya nailoni yake. Henri alirudishwa nyumbani nyuma ya lori lile lile, amelala juu ya godoro, akiangalia barabara ikimkimbia badala ya kumjia. Aliona ajabu kwamba ni barabara ile ile.

Mwanzoni alidhani amepata alichokuwa akikisubiri, ila kimekuja mapema kidogo. Kisha majuma yakapita, akagundua kwamba nyumba ya Baraka haikumzoea. Pulchérie aliamka mapema akaenda ufukoni, ambako yeye na bamama wenzake walianika ndakala mchangani. Jioni alikuwa na kwaya. Siku nyingine alikuwa shambani, kwenye mihogo yake. Hakumpuuza mumewe, chakula kiliwekwa, maji ya kuoga yalipashwa moto. Lakini maisha yake yalikuwa yameota mizizi wakati Henri hayupo, na sasa alipokuwapo yalimzunguka kama mto unavyozunguka jiwe. Mchana, akiwa ameketi peke yake na macho yamefumba, alihisi sakafu ikitetemeka kidogo chini yake, kama injini ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Alipofumbua macho ilimchukua muda kujua yuko mji gani.

Ndipo alipomwambia mkewe kwamba wakati umefika. Wapande Fizi wakajenge. Pulchérie aliendelea kukunja nguo. Akasema atangulie yeye, aone uwanja ulivyo, kisha watazungumza.

Henri akapanda kwa pikipiki iendayo polepole, amekalia mto wa kulalia. Uwanja ulikuwa wa marehemu baba yake, kwenye mgongo wa kilima kabla ya kufika Fizi-Centre. Alipofika akasimama barabarani asiamini. Palikuwa na maharage. Yalikuwa yamechanua maua, mistari mizuri iliyonyooka, kuanzia mahali pa jiko hadi mahali pa baraza, na katikati ya sebule alisimama mwanamume ameshika jembe.

Mwanamume huyo aliitwa Térence. Yeye na mkewe Nella walitoka Burundi miaka ile ya vurugu, wakakaa kambini kando ya ziwa, kisha wakapanda milimani kutafuta udongo wa kulima. Isidore, mdogo wake Henri anayekaa Fizi-Centre, ndiye aliyewaruhusu kulima pale, na akasahau kumwambia kaka yake. Térence alivua kofia. Hakubisha wala kulalamika. Aliomba tu aachiwe mpaka maharage yakomae.

Njiani Henri alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, kwa mawe, kwa mafundi wavivu, hata kwa mgongo wake. Hakujiandaa kwa mtu anayeomba kitu kidogo namna hiyo. Akasema atasubiri.

Alifikia kwa Isidore. Kila asubuhi alitembea taratibu hadi uwanjani akiwa na kigoda, akakaa kando ya shamba. Ukungu wa kule ulipanda kutoka mabondeni kama maziwa yanayochemka, ukafunika migomba, ukafunika barabara, na Henri alipoutazama sana aliiona nyumba yake. Iliketi ndani ya weupe ule, na madirisha yake na paa lake jekundu. Kisha jua likapenya, na palipokuwa na ukuta pakawa na maharage tena. Hakuhuzunika. Kesho yake alirudi kuitazama.

Baadaye akaanza kupigilia vijiti kuonyesha pembe za vyumba. Térence alipoona mzee anahangaika kuinama, akaja kumshikia kamba. Wakaivuta juu ya mistari ya maharage bila kukanyaga hata shina moja. Walifanya kazi hiyo kwa utulivu mkubwa, kama watu wanaotandika kitanda cha mgonjwa. Térence aliuliza chumba hiki cha nani, na mlango huu unafungukia wapi. Mwisho akasimama, kamba mkononi.

“Ya kwetu ilikuwa na vigae, muzee,” alisema. “Sasa sijui ni nani anafunguaka madirisha.”

Walimaliza kuivuta kamba. Tangu siku hiyo Nella akimletea mumewe viazi vya kuchemsha alileta na vya Henri, wakala wote watatu kando ya shamba.

Maharage yalipoanza kuwa manjano, Henri alimpigia simu mkewe, akamwomba aje siku moja tu. Pulchérie alifika mapema, amevaa kitenge chake cha kwaya, vumbi la barabara limemwingia hadi kwenye nyusi. Henri alimwongoza mpaka pale palipokuwa na mlango. Pulchérie aliangalia vijiti, akaangalia kamba, akamwangalia mumewe, akavua kandambili zake akaingia.

Henri akamtembeza nyumba nzima. Mahali pa kabati, mahali pa meza. Pulchérie alifuata bila kumcheka. Kwenye mlango wa jiko aliinamisha kichwa kana kwamba kizingiti ni kifupi. Akauliza moshi utatokea wapi. Alisema dirisha la sebule ni dogo, na Henri akahamisha kijiti, akalipanua. Kulikuwa na nyuki kwenye maua yaliyochelewa, na harufu ya majani yanayokauka, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Kisha wakafika chumba cha kulala. Dirisha lake lilitazama upande wa pili, mbali na ziwa, kule milima inakopanda mmoja nyuma ya mwingine hadi kwenye mbuga za juu. Henri alikipenda chumba hicho kuliko vyote. Alieleza jinsi kilivyo kimya. Pulchérie alisimama kwenye kamba, hakuingia.

“Mi siwezi kulala humu, Papa Vanessa,” alisema.

Henri alidhani anasema juu ya baridi. Akaanza kueleza habari za blanketi. Pulchérie akatikisa kichwa.

“Ule mwaka ya vita, we ulikuwa umefungiwa kule Uvira na gari. Mi nilikimbia mu hii milima na Vanessa ku mugongo. Nilitembea mule, kule, hata nyuma ya ile ya mwisho yenye unaona.” Alinyoosha mkono, akaushusha. “We uliiona hii milima mu kioo ya gari. Mi niliiona na miguu. Hii kimya yenye unapenda, mi naijua. Ni kimya ya bantu benye banajificha.”

Henri alijua kwamba mkewe alikimbia mwaka ule, nani hakukimbia. Alipompata tena alikuta wote wawili ni wazima, akashukuru, akarudi barabarani. Sasa Pulchérie alimsimulia, palepale kwenye kamba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Jinsi walivyokula uyoga mbichi kwa kuogopa moshi. Jinsi alivyomziba mtoto mdomo kwa kiganja, na jinsi kiganja kile kilivyomtisha kuliko askari. Mwanamke waliyelala naye pango moja, ambaye asubuhi hakuamka.

Alipomaliza, Henri aliketi chini kati ya maharage, akamwuliza mbona hakumwambia miaka yote.

“Ulikuwa unarudi umechoka,” alisema. “Na ulikuwa na nyumba yako. Sikutaka kuibomoa.”

Pulchérie naye akaketi upande wake wa kamba. Térence na Nella, waliokuwa wakivuna upande wa chini, waliona wageni wao wameketi shambani, wakaendelea na kazi bila kugeuka. Wingu lilipita juu ya kilima, kivuli chake kikaingia sebuleni kikatokea jikoni.

Baada ya muda Pulchérie akamwuliza ni kitu gani hasa alichokitaka katika nyumba ile. Henri alifikiri sana. Alipita tena chumba kwa chumba, akashangaa jinsi anavyoweza kufunga kila mlango nyuma yake bila kuumia.

“Baraza,” alisema. “Na we umekaa pembeni yangu.”

“Na vile vyumba vyote?”

“Njia ilikuwa ndefu, Mama Vanessa. Muntu alikuwa lazima ajenge kitu.”

Maharage yalipovunwa, Henri alimwambia Térence aendelee kulima. Aliomba tu kipande cha mbele. Akamwita fundi mmoja wa Fizi-Centre, jina lake Bertin, akamwagiza asimamishe nguzo, aezeke mabati na kumwaga sakafu ya saruji. Bertin alifanya hivyo, kisha akauliza kuta zianzie wapi. Akauliza tena kesho yake, akidhani mzee hakusikia. Isidore aliona haya mbele ya majirani. Watu walipita wakiuliza nyumba yenyewe iko wapi, na kaka yake akawajibu kwamba ni hiyo. Nyuma ya baraza, badala ya mlango, kulikuwa na mistari ya maharage inayopanda hadi kwenye migomba.

Sisemi kwamba Henri hakuumia. Zilikuwapo siku, huko Baraka, alipokaa kimya akisikia lori likipanda barabara kuu, akajua kwa mlio wake limebeba nini, na Pulchérie akamwacha mpaka mlio ukapotea. Lakini alijifunza kuteremka ufukoni. Bamama walimpa fito ndefu ya kufukuzia ndege kwenye ndakala, kazi isiyohitaji kuinama, wakamtania kwamba amepandishwa cheo. Mara moja moja, kiangazi, walipanda Fizi asubuhi, wakakaa barazani, wakala viazi vya Nella, wakashuka kabla jua halijalegea. Pulchérie hakulala kule hata siku moja, na Henri hakumwomba tena.

Ni katika safari moja kama hizo, ziwa halionekani kwa sababu ya moshi wa mashamba, Henri alipomwuliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza. Yeye, miaka hiyo yote, alikuwa akijenga nini?

Pulchérie alisema hakuwa na nafasi ya kujenga. Kisha akavuta kitenge mabegani.

“Niko na kitu kimoja,” alisema. “Utanicheka. Nimezeeka pembeni ya maji na sijue kuogelea. Ku vita benye balijua balivuka. Lakini si juu ya ile. Ni juu niliwaangaliaka batoto benye banalala juu ya maji. Nataka kujua inakuwa namna gani.”

Henri hakucheka. Yeye alijifunza kuogelea alipokuwa mtoto, akisoma Baraka.

Walianza juma lililofuata, alfajiri, mahali mitumbwi inapotua na maji hayapiti kifua. Pulchérie alivaa kitenge kikuukuu alichokifunga vizuri kifuani. Maji yalikuwa vuguvugu kuliko hewa, na milima ya ng'ambo ilikuwa bado ya bluu, haijaamua kuwa milima. Bamama wa ndakala walisimama mchangani wakipiga vigelegele, kisha wakachoka, wakaenda kwenye kazi zao. Mara nyingi za kwanza alimeza maji akasimama, akafuta uso, akasema warudie. Henri alikuwa amezama hadi kifuani, na ndani ya maji mgongo wake haukumuuma kabisa. Aliweka viganja viwili chini ya mgongo wa mkewe.

Asubuhi moja Henri alihisi uzito wa mkewe unapungua, ukapungua, mpaka viganja vyake havikubeba kitu. Pulchérie alikuwa amefumba macho. Nywele zake zilitawanyika juu ya maji.

“Umeniachilia?” aliuliza.

“Bado,” Henri alisema, akaiondoa mikono yake polepole.