Moyo wa Kiti Namba Sitini na Nne

Mtihani wa tatu wa Jumatatu ulianza saa tisa kamili alasiri, na saa tisa na dakika tatu Mratibu wa mitihani aliinua kichwa kwa sababu ya kelele. Mtu alikuwa anagonga. Mratibu akaenda mlangoni, akawatazama mafundi wa mapambo waliokuwa wakisubiri nje na mabunda yao ya vitambaa, akawakuta wametulia, mmoja amesinzia. Akarudi akipita kati ya safu za viti. Kelele ilikuwa inatoka kiti namba sitini na nne. Ulikuwa moyo wa binti wa mwaka wa pili, na ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa chooni.

"Binti, punguza," alisema Mratibu.

"Samahani, mwalimu. Sijui naupunguzia wapi."

Mratibu alichukua fomu ya usimamizi, na kwenye mstari wa usumbufu akaandika: moyo. Kanuni za chuo hazikuwa na utata. Usumbufu wa kwanza ni onyo, wa pili mwanafunzi anatolewa ukumbini na kurudia mwaka. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya simu, lakini haikutaja simu, na Mratibu hakuwa mtu wa kuongeza maneno kwenye kanuni za wenzake.

Mitihani ilikuwa tisa na siku zilikuwa tatu. Kitabu cha wanafunzi kiliahidi siku tisa, lakini kuanzia Alhamisi ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa harusi, na maharusi hawasogezwi. Wanafunzi wa ufamasia ndio husogezwa. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili, wanafanya mtihani asubuhi, mwingine adhuhuri, mwingine alasiri, na jioni wanarudi nyumbani kusomea mingine mitatu. Hao ndio watu wanaofundishwa miaka minne kwamba dawa ya siku tisa haimezwi kwa siku tatu.

Alipotoka, binti alikwenda moja kwa moja kwa Mshauri wa wanafunzi, mwanamke ambaye ofisi yake ilikuwa nusu ya stoo ya viti. Mshauri alimsikia tangu ngazini. Alikuwa ameshaandika barua tatu kuhusu ratiba ile, na zote tatu zilijibiwa kwa shukrani. Alikuwa amechoka kushukuriwa.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Vuta pumzi, hesabu mpaka nne. Toa, hesabu mpaka sita. Usiharakishe, hakuna anayekufukuza humu. Leo kahawa acha. Saa tatu funga daftari ulale. Na linalokusumbua liandike kwenye karatasi, halafu umwambie mtu mmoja unayemwamini."

"Nikiliandika litaisha?"

"Haliishi. Ila litakuwa limekaa kwenye karatasi, siyo kifuani."

Binti aliandika mstari mmoja. Mama yake alikuwa mshonaji, macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alikwishamwambia aache cherehani. Mama alikuwa amesema ataacha siku binti atakapomaliza chuo, si kabla. Mwaka wa kurudia ungekuwa mwaka mzima zaidi wa uzi na sindano, na macho yale hayakuwa na mwaka wa ziada.

Nyumbani mama alikuwa kwenye mashine, anapinda mashati ya sare. Binti alipoingia, mguu wa mama ulianza kufuata mapigo ya moyo bila mwenyewe kupenda, na upindo ukaenda mbio, ukakata kona, ukamalizikia kwenye kola.

"We mtoto, utanimalizia uzi!" alisema mama, akaanza kufumua. "Una nini?"

Binti alimpa ile karatasi, akamweleza na habari ya pumzi. Mama aliisogeza karibu na taa, akaisogeza tena mpaka ikagusa pua.

"Macho ni yangu, niachie niyasumbukie mwenyewe," alisema. "Hiyo pumzi uliambiwa uhesabu ngapi?"

Wakavuta pamoja, mama akihesabu kama anavyohesabu vifungo. Ilipofika saa mbili na nusu mashine ilikuwa inakwenda mstari ulionyooka. Saa tatu binti alikuwa amelala.

Jumanne asubuhi alikaa kwenye kiti chake, akavuta nne, akatoa sita. Mratibu alikuja akasimama kando yake, kalamu mkononi, fomu tayari. Aliinama. Hakusikia kitu. Aliinama zaidi, mpaka tai yake ikagusa meza, na moyo wa namba sitini na nne ulikuwa umetulia kabisa.

Ndipo ikasikika iliyobaki. Kumbe jana huu mmoja ulikuwa umeifunika yote. Ilikuwa mioyo mia mbili na kumi na moja, kila mmoja na mwendo wake, na vumbi lilikuwa linadondoka kutoka kwenye dari juu ya karatasi za majibu. Fundi mmoja wa mapambo alichungulia mlangoni akauliza kama bendi imeshafika.

Mratibu alitazama fomu. Mstari wa usumbufu ulikuwa mmoja tu. Akaandika: kelele za kawaida. Kisha akatuma aitwe Mshauri, ambaye alisimama mlangoni akasikiliza, na hasira ikampanda.

"Unawasikia?" aliuliza.

"Nawasikia. Wafundishe na hawa."

"Hawa hawaumwi. Hawa wana ratiba."

"Ratiba si idara yako, dada."

Basi akawafundisha, katika dakika ishirini za mapumziko, wamesimama koridoni bega kwa bega. Angefanya nini? Walikuwa na miaka ishirini na midomo imewakauka. Walivuta nne, wakatoa sita, na mapigo yakashuka safu kwa safu. Mtihani wa mwisho wa Jumatano ulikuwa kimya mno, ukumbi mzima ukasikia pini za mapambo zikipigwa kwenye mlango wa nje. Namba sitini na nne alifaulu yote tisa. Mama yake alinunua uzi mwingine na kusema bado miaka miwili.

Muhula uliofuata tangazo lilibandikwa ubaoni. Chuo kilifurahi kuwajulisha wanafunzi kwamba, kutokana na mafanikio makubwa ya mafunzo ya kutuliza moyo, mitihani tisa sasa ingefanyika kwa siku mbili, na ukumbi ungepatikana kwa sherehe kuanzia Jumatano. Mshauri alishukuriwa kwa jina la cheo chake, kwa herufi nzito.

Binti alilisoma mara mbili, akalibandua, akalipeleka kwenye ile nusu ya stoo.

"Mwalimu," alisema, "siku ile tungeiacha tu mioyo igonge."

"Nimeliwaza hilo tangu asubuhi," alisema Mshauri. "Tungeiacha, dari ingeshuka, na huenda mtu angeona aibu. Au angeandika kelele za kawaida, na nyinyi mko chini ya dari."

Nje, koridoni, mioyo ilikuwa imeanza tena kugonga. Wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepanga foleni mpaka ngazini, na viti vilivyorundikwa stoo vilikuwa vinatikisika. Mshauri alilikunja lile tangazo, akaliweka juu ya majibu ya barua zake tatu. Kisha akafungua mlango.

"Ingieni watano watano," alisema, "na msisukumane."